Mali Bila Daftari: Biashara ya Nchi Ndogo na Taifa Kubwa, Kama Ionekanavyo Lodwar na Kakuma

(Haya ndiyo maneno ya hotuba iliyosomwa Lodwar, na baadaye Kakuma, mbele ya wenye maduka, wafugaji, wavuvi, walimu na wanafunzi. Tunayachapa ili na wale waliokuwa mbali wapate kuyasoma.)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya biashara baina ya nchi ndogo na taifa kubwa. Huenda wengine watadhani ya kuwa jambo hili ni la mawaziri na mabalozi, na ya kuwa mwenye duka la mabati katika Kakuma, au mama auzaye makaa kando ya njia, hana lake humo. Nataka kuwaonyesha kwamba sivyo. Ni mahali pachache katika Kenya nzima ambapo neno lililosemwa ng'ambo hufika upesi, na kwa uzito mwingi, kama lifikavyo hapa kwetu.

Tazameni mambo ya mwaka 2025. Tarehe 20 Januari mwaka huo, Rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nchi za nje kwa siku 90 ili ichunguzwe. Tarehe 1 Julai, shirika la misaada la nchi hiyo liitwalo USAID, lililoanza kazi mwaka 1961, lilifungwa. Kufika katikati ya mwaka, posho ya mkimbizi katika Kakuma ilikuwa imeshushwa hadi asilimia 28 ya kipimo kamili, na fedha za chakula zilizokuwa zikitumwa kwa simu zilikuwa zimesimamishwa. Aliyeumia kwanza ni mkimbizi. Baada yake aliumia mwenye duka, kisha mwenye lori, kisha mwuza makaa wa Kiturkana, ambaye jina lake halimo katika orodha yo yote ya wakimbizi.

Basi swali letu la leo ni hili: imekuwaje hata karatasi moja iliyotiwa sahihi Washington iweze kuzima moto wa jiko la mtu wa Kakuma asiyepata posho? Na tufanye nini ili siku nyingine isiwe hivyo?

Mali itokayo kwa taifa kubwa huja kwa njia tatu. Huja kwa kupewa, huja kwa ruhusa, na huja kwa kuuziana. Nitazieleza moja moja kwa mifano tuliyoiona wenyewe.

MALI YA KUPEWA

Watu wengi husema ya kuwa msaada si biashara. Maneno hayo yana ukweli, lakini si ukweli wote. Mwaka 1954 Marekani ilitunga sheria ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Chakula kwa Amani. Wakati ule wakulima wa huko walikuwa wakivuna nafaka nyingi kuliko watu wao walivyoweza kula. Maghala yalijaa, na bei ikashuka. Serikali yao ikaipeleka ziada ile katika nchi nyingine, mara kwa kuiuza kwa masharti nafuu, mara kwa kuitoa bure. Sheria za huko zikataka pia ya kwamba sehemu kubwa ya shehena hiyo ichukuliwe na meli zenye bendera ya Marekani.

Kwa hiyo gunia la mtama lililovunwa Kansas, lilipofika Kakuma, lilikuwa limekwisha kumlipa mkulima wa huko, na mwenye ghala, na mwenye reli, na baharia. Hali kadhalika dengu za manjano, na makopo ya mafuta ya kupikia yaliyopigwa chapa ya herufi tatu ambazo kila mtoto wa Kakuma azijua. Sisemi haya kwa kuwakejeli watu wa Marekani. Kwa miaka zaidi ya 30 chakula kile kiliokoa roho za watu wengi, nao wanastahili shukrani. Nasema haya ili tuelewe ya kuwa mwenye kutoa naye alikuwa na hesabu yake, na hesabu yake aliiandika.

Je, sisi tulikuwa na hesabu gani? Mwaka 1992 vijana wa Sudan waliokimbia vita waliingia nchini kwa miguu, nao wakapewa mahali pa kukaa Kakuma, kando ya mto Tarach. Tangu hapo wamefuata watu wa Ethiopia, Somalia, Kongo, Burundi na nchi nyingine, hata katika mwaka 2025 idadi ya watu wa Kakuma na Kalobeyei ilikaribia 300,000. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha ya kuwa kaunti nzima ya Turkana ina watu 926,976. Fikirini uzito wa jambo hilo. Waturkana walitoa ardhi. Walitoa kuni na maji katika nchi ambayo kuni na maji hutafutwa mbali. Wameishi na wageni wao, ingawa kumekuwa na magomvi ya hapa na pale. Mataifa makubwa, ambayo hayakutaka watu hao wabishe hodi katika milango yao, yalipata faida kubwa kwa ukarimu huu.

Lakini ardhi ile, na miti ile, na miaka ile ya ujirani havikuandikwa katika daftari la biashara. Upande mmoja uliandika kila ratili ya mtama; upande wa pili haukuandika kitu. Ndipo siku ile mtoaji aliposema, "Nimeacha kutoa," sisi hatukuwa na karatasi ya kumwonyesha. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tuliidhani methali hiyo ni ya wenye maduka tu; kumbe ni ya nchi pia.

MNYORORO WA KAKUMA

Tuangalie sasa jinsi biashara ya Kakuma ilivyofungamana na msaada huo. Zamani mkimbizi alipewa chakula chenyewe. Alipotaka sukari, sabuni au nyama, aliuza sehemu ya mtama wake. Mama wa Kiturkana alikuja na makaa, kuni au maziwa, akarudi nyumbani na unga. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianzisha utaratibu wa Bamba Chakula: mkimbizi alitumiwa fedha kwa simu, naye alinunua chakula kwa wenye maduka walioandikishwa, wakimbizi na wenyeji. Utaratibu huo ulikuwa mzuri, kwa sababu fedha zilizunguka papa hapa badala ya kuishia bandarini. Mwaka 2018 shirika moja la Benki ya Dunia, lile lishughulikialo biashara za watu binafsi, lilichapisha uchunguzi uliosema ya kuwa Kakuma ina biashara zaidi ya 2,000, na ya kuwa matumizi ya watu wake yafikia dola milioni 56 kwa mwaka.

Wengi walishangaa kusikia ya kuwa kambi ni soko kubwa hivyo. Ni kweli ni soko. Lakini mtu mwenye busara hauliza tu soko ni kubwa kiasi gani. Huuliza pia fedha zake zatoka wapi. Katika Kakuma fedha nyingi zilitoka katika chemchemi moja. Mkimbizi alikopa chakula dukani katikati ya mwezi, na mara nyingi mwenye duka alishika kadi yake kuwa rehani mpaka fedha ziingie. Mwenye duka naye alichukua mali kwa mkopo kwa mwuzaji wa jumla. Mwuzaji wa jumla alichukua kwa mkopo kutoka Kitale, Eldoret au Nairobi. Deni liliegemea deni, na madeni yote yaliegemea kitu kimoja, yaani fedha za mwisho wa mwezi. Fedha zile ziliposimama, mkimbizi hakuwa na cha kulipa, mwenye duka akabaki na kadi tupu mkononi, na mwenye lori hakuona sababu ya kuja. Mama wa makaa alirudi na gunia lake kichwani, kwa kuwa hata aliyetaka kupika hakuwa na cha kutia chunguni.

Hapa nataka kuwaonya juu ya jambo moja. Njaa ikizidi, watu hutafuta wa kumlaumu, na aliye karibu hulaumiwa kwanza. Mkimbizi hakukata posho yake mwenyewe, wala Mturkana hakumnyang'anya. Mnyororo uliowafunga pamoja katika faida ndio uliowafunga pamoja katika hasara. Wakigombana, deni halitalipwa, na soko litakufa kabisa.

LOKICHOGGIO NA KALOKOL

Haya si mageni katika nchi yetu. Mtu akisafiri kutoka Kakuma kuelekea mpaka wa Sudan Kusini, atafika Lokichoggio. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulianza kazi kubwa ya kupeleka chakula na dawa kwa watu wa Sudan ya kusini, na Lokichoggio ikawa kituo chake. Kiwanja cha ndege kilichokuwa kidogo kikawa miongoni mwa viwanja vyenye shughuli nyingi kabisa katika Kenya. Mahoteli yakajengwa, maghala yakajengwa, vijana wakapata kazi ya upakizi, udereva na ulinzi. Katika Lopiding palikuwa na hospitali kubwa ya Msalaba Mwekundu, iliyoanzishwa mwaka 1987, ambapo majeruhi wa vita walitibiwa.

Tarehe 9 Januari 2005 mapatano ya amani ya Sudan yalitiwa sahihi Nairobi. Kila mtu mwema alifurahi. Lakini amani ilipokuja, mashirika yalihamia Juba. Hospitali ya Lopiding ikakabidhiwa kwa Serikali ya Kenya mwaka 2006. Ndege zikapungua, mahoteli yakafungwa, na vijana wakarudi kwa mbuzi wao, wale waliokuwa bado na mbuzi. Hakuna aliyewadhulumu watu wa Lokichoggio. Kazi ile ilikuwa na mwisho wake tangu siku ya kwanza, ila mji haukuwekewa kitu cha kuishi nacho baada ya mwisho huo.

Mfano wa pili uko ziwani. Miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, Norway ilisaidia uvuvi wa Ziwa Turkana na kujenga kiwanda cha kugandisha samaki katika Kalokol, karibu na ghuba ya Ferguson. Norway si taifa kubwa kwa wingi wa watu, lakini kwa mali ni kubwa mno mbele yetu. Kiwanda kilikuwa kizuri kukitazama. Lakini kugandisha samaki katika joto la Turkana kwataka umeme mwingi na maji safi mengi, na vyote viwili vilikuwa haba na ghali. Kisha, katikati ya miaka ya 1980, maji ya ghuba yakakauka, na samaki wakaondoka. Kiwanda kilifanya kazi muda mfupi tu. Wafugaji waliokuwa wamepelekwa ziwani wawe wavuvi wakajikuta hawana samaki wala mifugo.

Norway ilisaidia vile vile kujenga barabara itokayo Kitale mpaka Lodwar. Lakini mwezi wa Oktoba mwaka 1990 Serikali ya Kenya na Norway ziligombana juu ya mambo ya siasa, na Kenya ikavunja uhusiano wa kibalozi. Misaada ya Norway katika Turkana ikasimama. Angalieni jambo hili: safari hii aliyevunja uhusiano hakuwa mtoaji, alikuwa ni sisi wenyewe. Hata hivyo waliolipa gharama hawakuwa watu wa Nairobi waliogombana. Walikuwa watu wa Lodwar na Kalokol, ambao hawakuulizwa.

Hiyo ndiyo tabia ya mali ya kupewa. Yaweza kuwa njema, na mara nyingi ni njema. Lakini yaweza kukatwa na mtoaji, au na Serikali yetu, au na mambo ya dunia, na mpokeaji hana shauri.

MALI YA RUHUSA

Njia ya pili ni ruhusa. Mwaka 2000 Marekani ilitunga sheria ijulikanayo kwa jina la AGOA, iliyoruhusu bidhaa nyingi za nchi za Afrika kuingia huko bila ushuru wa forodha. Kenya ilifaidika hasa kwa nguo. Viwanda vya Nairobi, Athi River na Mombasa viliajiri makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wanawake, wakishona suruali na mashati ya Wamarekani.

Huku Turkana hatuna kiwanda cha nguo, lakini somo latuhusu. AGOA haikuwa mkataba wa watu wawili walioketi mezani. Ilikuwa sheria ya upande mmoja, iliyotungwa na Bunge la Marekani, yenye muda wake na masharti yake. Kila muda ulipokaribia kwisha, Wakenya walisubiri kuona kama utaongezwa. Mwaka 2004 uliongezwa. Mwaka 2015 uliongezwa tena. Kisha mwezi wa Aprili 2025 Marekani ikatangaza ushuru mpya wa asilimia 10 juu ya bidhaa za Kenya, na tarehe 30 Septemba mwaka huo muda wa AGOA ukafika kikomo bila kuwa umeongezwa. Mwenye kiwanda hawezi kununua cherehani mpya, wala kuajiri mtu mpya, ikiwa hajui mwakani mlango utakuwa wazi au umefungwa. Ruhusa ni bora kuliko kupewa, kwa kuwa mtu hula jasho lake. Lakini ufunguo wa mlango bado uko katika mfuko wa mwingine.

MALI YA KUUZIANA: MAFUTA YA LOKICHAR

Njia ya tatu ni kuuziana. Tarehe 26 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki alitangaza ya kuwa mafuta yamepatikana Turkana, katika kisima kilichoitwa Ngamia 1. Waliochimba ni kampuni ya Tullow, yenye makao yake London, pamoja na Africa Oil ya Kanada. Furaha ilikuwa kubwa. Bei ya ardhi ikapanda Lodwar na Lokichar, na watu wakajenga nyumba za wageni.

Lakini mafuta yetu ni mazito kama nta; yakipoa huganda. Yataka joto njiani, na njia ni ndefu, zaidi ya kilometa 1,000 hadi Mombasa. Mwezi wa Juni 2018 malori ya kwanza yaliondoka yakiwa na matangi yenye kuhifadhi joto. Kabla mwezi haujaisha wenyeji wa Lokichar waliyazuia malori, wakidai usalama, kazi, na haki yao katika mapato. Kazi ilisimama mpaka mwezi wa Agosti, baada ya mazungumzo. Tarehe 26 Agosti 2019 Rais Uhuru Kenyatta aliiaga Mombasa meli ya kwanza, yenye mapipa 200,000. Mnunuzi alikuwa kampuni ya Kichina, ChemChina, na bei ilikuwa dola milioni 12. Ukigawanya utaona ya kuwa kila pipa lilipata dola 60.

Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole. Kazi ya malori ilikoma mwaka 2020. Mwaka 2023 Africa Oil, na kampuni ya Kifaransa iliyokuwa imejiunga nao, zilijitoa. Mwaka 2025 Tullow nayo iliuza mali yake ya Kenya kwa kampuni ya Kikenya, Gulf Energy, kwa dola zisizopungua milioni 120. Kwa miaka 13 tangu kisima cha kwanza mpaka mauzo hayo, bomba la kwenda pwani halikujengwa.

Mtu aweza kusema: "Basi hata kuuziana hakuna faida." La. Tofauti yake ni kubwa, nayo ni hii: hapa liko daftari. Sheria ya Mafuta ya mwaka 2019 yasema ya kuwa katika sehemu ya faida ipatayo Serikali, asilimia 75 ni ya Serikali kuu, asilimia 20 ni ya kaunti, na asilimia 5 ni ya wenyeji wa mahali mafuta yanapotoka, nayo itawekwa katika mfuko wa amana wenye wadhamini. Watu wa Lokichar hawakupewa asilimia hiyo kwa hisani. Ilijadiliwa miaka mingi katika Bunge, katika baraza za wazee, na hata barabarani mbele ya malori. Nayo imeandikwa.

Lakini someni vizuri kilichoandikwa. Asilimia 5 si ya mafuta yote. Ni ya ile sehemu ya Serikali, baada ya kampuni kwanza kutoa gharama zake na kuchukua fungu lake. Tena sheria yaweka kipimo ambacho fungu la kaunti na la wenyeji halitapita. Mtu asiyejua haya atangoja mlima, naye ataletewa kichuguu, kisha atasema ameibiwa. Na aliyeibiwa kweli hatajulikana, kwa kuwa wote watakuwa wakilia kilio kimoja.

JE, TUBADILI MNUNUZI?

Wako wanaosema ya kuwa dawa ni kuliacha taifa hili kubwa na kulishika lile. Husema: Wamarekani wameondoka, Wachina wapo. Ni kweli China imefanya mengi. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, ilijengwa kwa mkopo mkubwa wa benki ya Kichina. Mnunuzi wa mafuta yetu ya kwanza alikuwa Mchina. Lakini mkopo hulipwa, na Kenya hununua kwa China mali nyingi kupita kiasi kile iuzacho huko. China nayo ina hesabu yake, kama Marekani ilivyo na yake. Hilo si kosa; ndiyo biashara.

Kubadili mnunuzi si kupata soko. Mwenye mnunuzi mmoja ana bwana, awe wa mashariki au wa magharibi. Mwenye wanunuzi watano ana soko. Mchuuzi wa mbuzi wa Lodwar alijua hivyo kabla ya wataalamu: mbuzi wake aweza kuliwa Lodwar, au Kakuma, au Kitale, au Nairobi. Samaki wa kukausha wa Kalokol hufika Kisumu na huvuka mpaka hata Kongo. Kikapu cha ukindu wa mkoma kilichosukwa na mama wa Lodwar huuzwa hapa kwa msafiri, na huuzwa ng'ambo pia. Mali hizi ni ndogo zikilinganishwa na pipa la mafuta. Lakini hakuna Rais wa nchi yo yote awezaye kuzisimamisha zote kwa sahihi moja.

MAMBO MANNE YA KUFANYA

Sasa niseme kwa ufupi yatupasayo.

Kwanza, kila mwenye duka na afungue daftari, na katika daftari hilo atenge kurasa mbili. Ukurasa mmoja aandike mauzo yatokanayo na posho na fedha za misaada. Ukurasa wa pili aandike mauzo yatokanayo na mishahara, mifugo, samaki na kazi za mikono. Mwisho wa mwezi azilinganishe. Akiona ya kuwa ukurasa wa kwanza umebeba karibu biashara yake yote, asikopeshe wala asikope kama kwamba fedha hizo ni za milele. Na apime mkopo autoao kwa kile awezacho kukipoteza bila kufunga mlango.

Pili, mali yetu ya asili isiachwe. Kiwanda cha Kalokol kilitufundisha ya kuwa mashine kubwa isiyolingana na maji, umeme na desturi ya mahali huwa gofu. Heri chanja nzuri za kukaushia samaki, ghala safi, barabara ipitikayo na mnada wa mifugo wenye mizani ya haki, kuliko jengo la kupendeza lisilo na wa kulitengeneza. Barabara ya Lokichar, Lodwar na Nadapal iliyojengwa upya kwa fedha za Benki ya Dunia ni mali ya kila mchuuzi, nayo hubaki hata mkopeshaji akisahau jina letu. Mtu akituuliza tupewe nini, tutaje kwanza vitu vya namna hiyo.

Tatu, tuandike upande wetu. Mwaka 2021 Kenya ilitunga sheria mpya ya wakimbizi, na mwezi wa Machi 2025 Serikali ilitangaza Mpango wa Shirika, wenye nia ya kuzigeuza kambi ziwe makao ya kawaida, ambapo mkimbizi na mwenyeji watatumia shule moja, hospitali moja na soko moja. Mpango huo wataka fedha nyingi za mataifa makubwa. Basi kila mara wajumbe wao watakapoketi na Serikali, na kaunti, na wazee wa Turkana Magharibi, hesabu yetu na iwekwe mezani: ardhi ni ekari ngapi, miti imekwenda kiasi gani, maji ni kiasi gani, shule ngapi zimejaa. Tusiseme kwa kuomba wala kwa matusi. Tuseme kama watu waliotoa kitu chenye thamani na wanaotaka kiandikwe, pamoja na muda wake, na yatakayofanywa muda huo ukiisha au fedha zikikatwa. Yaliyompata Lokichoggio yalimpata kwa kukosa sentensi hiyo ya mwisho.

Nne, watoto wetu wasome hesabu na sheria. Mkataba wa mafuta ni karatasi nyingi, nao umeandikwa na watu waliosomea kazi hiyo. Kijana wa Lokichar au Kakuma awezaye kuusoma mkataba, akawaeleza wazee kwa Kiturkana maana ya gharama, faida na fungu la Serikali, ana manufaa kuliko kijana mia wawezao kuzuia lori. Wale wa mwaka 2018 walilisimamisha lori, na haki yao ilisikilizwa. Lakini lori husimama siku chache. Mkataba hukaa miaka.

Mabwana na Mabibi, nchi yetu ni ndogo mbele ya Marekani na China, na Turkana ni sehemu moja tu ya nchi hiyo ndogo. Udogo si aibu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, walisema wazee. Lakini hawakusema tusifanye biashara na ndugu, wala tusipokee mkono wake wakati wa shida. Mwaka wa ukame tutauhitaji mkono huo, na anayeutoa tutamshukuru. Ila tupokeapo na tuuzapo, tujue ni ipi katika zile njia tatu: tumepewa, tumeruhusiwa, au tumeuziana. Tukijua hivyo tutajua pia ni kiasi gani cha kutumia leo, na kiasi gani cha kuweka.